Pumzi ya Kupokezana

Mchana mmoja, akitia pindo sare ya shule, fundi cherehani alisimamisha mguu kwenye pedali akasikiliza. Mwanawe alikuwa amelala nyuma yake, hana siku nyingi tangu atoke wodini. Mtoto alivuta pumzi, akaitoa. Kabla hajavuta nyingine, kitu kikavuta pumzi upande wa ukutani, pasipo na mtu.

"Ni feni," fundi alijiambia. Nyumba hiyo haikuwa na feni.

Siku zilivyosogea, pumzi zile zikawa zinapokezana kama watwangao kinu kimoja: mtoto, kile kitu, mtoto, kile kitu. Kisha kile kitu kikaanza kujiongezea zamu. Chumba kikanuka spiriti ya wodini hata baada ya kupigwa deki, na kila mara kitu kile kilipopumua, kifua cha mtoto kilitulia tuli, midomo ikapauka, naye fundi, mama yake, akakaa ameshika mkono ule mdogo, akingoja arudishiwe mwanawe.

Wifi yake, nesi wa wodi ile, alikuja akamsikiliza mtoto kifuani kwa kipimo, akakiondoa haraka.

"Usimwambie mtu," alinong'ona.

"Kwani unajua ni nini, wifi?"

"Nimesema usimwambie mtu!"

Fundi naye alijua. Siku ile wodini mashine ya oksijeni ilikuwa moja, na mtoto wa mwanamke mwingine alikuwa ameshawekewa mpira puani. Mama yake alikuwa ametoka kutafuta dawa aliyoandikiwa. Wifi akauchomoa ule mpira, akaufuta kwa pamba, akamtia mtoto wa kaka yake. "Undugu ni kufaana," alisema. Fundi aliona yote, na alichosema ni "ahsante." Sasa kila alipolikumbuka neno hilo alitamani ardhi ipasuke.

Mganga aliyeitwa alimnusa mtoto utosini, akafunga mkoba wake bila kutoa kitu.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema taratibu. "Jini hili limeidaka pumzi ya yule mtoto aliyekufa, nalo linaishi kwa siri yenu. Mpeleke mtoto kwa mama mliyemdhulumu, useme kwa kinywa chako. Siri ikitoka, nalo litatoka."

Fundi akambeba mwanawe mgongoni akaenda, na njia nzima alisikia pumzi ile ikimpuliza shingoni, baridi, ndefu, ikizidi urefu kila alipokata kona, na pumzi ya mwanawe ikija kwa nadra, nyembamba, mpaka akawa anakimbia huku watu wakimtazama.

Mfiwa alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, dada. Nakukumbuka. Wako alipona? Mungu mkubwa. Mimi waliniambia mashine iliharibika. Yule nesi, Mungu ambariki, ndiye aliyenisaidia kumfunika."

Fundi akafungua kinywa. Akawaza kazi ya wifi yake. Akawaza mumewe na jamaa zake. Zaidi ya yote, na hili ndilo la kutia haya, akawaza jinsi mama huyu atakavyomtazama.

"Pole, dada," akasema. Basi.

Mgongoni, kifua cha mwanawe kikatulia. Kile kitu kikavuta pumzi, kikaitoa kwa mluzi mdogo mwishoni, kikavuta nyingine, na nyingine, wala hakikuachia zamu.

Mfiwa akainuka polepole.

"Mluzi huo," akasema. "Mwanangu alipumua hivyo tangu azaliwe."

"Dada, nisikilize!" Fundi alikuwa amepiga magoti, machozi yakimtoka. "Mashine haikuharibika. Tulimchomoa mwanao, nikatazama, nikanyamaza..."

Lakini mfiwa hakuwa akimsikiliza tena.

"Nipe," akasema.

Na juu ya bega la fundi mikono midogo ikanyooka kumwelekea mwanamke yule, na sauti isiyo ya mwanawe ikaita, "Mama."