Springi za Watu Wawili

Mama Mapazia alifika kwenye duka la skuta za umeme jua likiwa limeshaanza kuaga, muuzaji naye ameshaingiza ndani nusu ya bidhaa zake. Goti lilikuwa limemtesa siku nzima. Watu hudhani kushona mapazia ni kazi ya kukaa tu, lakini kabla ya kukaa kuna kupanda ngazi za watu, kupima madirisha ya watu, na kubeba majora ya vitambaa kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Daktari alimwambia apunguze kutembea. Yeye akacheka. Apunguze, amwachie nani?

Maana nyumbani hakukuwa na mtu. Mumewe alikuwa na miaka miwili kaburini. Binti yao yuko ng'ambo na hupiga simu akikumbuka. Jioni Mama Mapazia aliongea na redio, tena aliijibu. Redio ikisema habari za jioni, yeye anasema njema.

"Karibu, mama," alisema muuzaji, mtu mnene mchangamfu mwenye spana mfukoni. "Umekuja kuangalia au kuchukua? Maana wa kuangalia wamenichosha tangu asubuhi."

"Nikipenda nachukua. Nisipopenda nakuongezea uchovu."

Wakacheka. Akaonyeshwa nyekundu, nyepesi na nzuri, lakini kiti chake chembamba mno. "Hiki kiti au kipande cha ubao?" akauliza. Akaonyeshwa nyeupe. Hiyo ilikuwa na kiti cha maana, ila betri yake haichomoki. Ingebidi skuta nzima ipandishwe ghorofa ya pili ikachajiwe.

"Na goti hili? Nitaibeba mimi au itanibeba yenyewe?"

Ndipo akaiona ya tatu, pembeni kabisa, imefunikwa turubai. Akaifunua mwenyewe. Kijani iliyokolea, kiti kirefu na kipana cha kutosha jora zima, betri ya kuchomoa yenye mkono wa kushikia. Kilichomtoka moyoni ni kwamba hii ndiyo.

"Hiyo imetumika," muuzaji alisema. Uchangamfu ulikuwa umempungua.

"Mbovu?"

"Wala. Nimeifungua yote mimi mwenyewe. Lakini imerudishwa mara tatu."

"Kwa nini?"

"Watu wana mambo yao, mama."

Akagusa kiti. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kujua kitu kabla ya macho. Kiti kilikuwa na joto. Joto la kiti ambacho mtu ametoka kukikalia sasa hivi. Na pale pembeni jua halikufika.

Muuzaji akachuchumaa nyuma ya skuta na spana yake. Ndivyo alivyofanya kwa kila mteja kabla ya kumpa chombo ajaribu. "Nikukazie springi za nyuma. Mpanda mmoja nazilegeza, wapanda wawili nazikaza. Mko wangapi?"

Swali lenyewe dogo tu. Alipaswa kusema mmoja. Lakini kwa miaka miwili neno hilo alikuwa akilikwepa. Fundi bomba akipiga simu, anamwambia tumetoka. Mteja akichelewa, anamwambia tunalala mapema. Hakutaka mwizi ajue, na zaidi ya mwizi, hakutaka huruma ya mtu. Ulimi ukapita njia uliyoizoea.

"Wawili," alisema. "Mimi na mume wangu."

Muuzaji akanyanyua uso, akamtazama. Kisha akakaza.

Kri... kri... kri...

Akasimama, akafuta mikono. Wote wawili walikuwa wima kando ya skuta. Hakuna aliyeigusa.

Springi zikalia.

Nyiii...

Kiti kikashuka upande wa nyuma. Taratibu, kwa adabu, kama mgeni anavyokaa.

"Umeona?" Mama Mapazia alinong'ona.

"Zikikazwa hutulia hivyo," muuzaji alisema, huku akitazama mlangoni. Halafu akapunguza bei kabla hajaombwa. Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Mama Mapazia alikuwa na akili zake zote, ila alikuwa na goti pia. Akalipa.

Skuta ya umeme haina kelele. Hilo ndilo alilokuja kulisifia, na ndilo lililomponza. Kwenye pikipiki asingesikia kitu. Kwenye hii, mtaa wa pili tu, akasikia pumzi nyuma ya sikio lake. Akajiambia ni upepo. Akasimama kwenye taa za barabarani. Upepo ukatulia, pumzi haikutulia. Ikaja na harufu ya nguo iliyokunjwa kabla haijakauka...

Kisha mikono ikamshika kiuno.

Hakupiga kelele. Mdomo wake ukanong'ona maneno mawili tu.

"Mume wangu?"

Mikono ikambana kidogo, kama mtu anayeitika.

Mama Mapazia akalia kwa furaha. Tusimcheke. Alizunguka njia ndefu jioni ile, mitaa ambayo hakuwa na shida nayo, akasimulia yote. Habari za binti. Habari za goti. Habari za mteja aliyetaka pazia la zambarau chumba cha kulala, halafu akalikataa kwa kuwa ni la zambarau. Aliyekuwa nyuma alisikiliza. Hakumkatiza hata mara moja, na hapo ndipo angepaswa kushtuka, maana marehemu alikuwa hodari wa kukatiza.

Siku tano zikaenda hivyo. Akafunga kazi mapema, akaenda kuzunguka. Redio ikanyamaza. Wateja wakasema fundi amependeza.

Jioni ya sita, kwa mapenzi tu, akaachia usukani mkono mmoja, akaushika ule uliomshika kiuno.

Alimshonea mumewe mashati miaka ishirini na sita. Alijua kifundo chake cha mkono kilivyo, na vidole vilikoishia. Akapapasa kuanzia kifundo. Akavuka kiganja. Akafika vidole, akaendelea... Vidole havikuisha. Vilimvuka tumbo kutoka nyonga hii hadi nyonga ile, vikazunguka mgongoni, na bado hajagusa kucha.

Huo ni mkono mmoja.

Akasimamisha skuta kando ya barabara. Watu walikuwa wakipita na mifuko yao ya sokoni. Hakuna aliyemtazama.

"Wewe si yeye," alinong'ona.

Mikono ikambana kidogo, kama mtu anayeitika.

Siku ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho kurudisha chombo, alirudi dukani. Muuzaji alimwona kutoka mbali, akatoka nje, lakini hakusogea karibu.

"Ulijua," Mama Mapazia alisema.

"Nilijua nusu, mama. Wale watatu niliwauliza springi kama nilivyokuuliza wewe. Wote waliniambia wawili. Wanarudisha, ndipo naambiwa kila mmoja anaishi peke yake."

"Na mwenyewe wa kwanza?"

"Peke yake pia. Majirani walisema alifuga kitu. Wengine wakasema amerogwa. Mimi niliitwa na mwenye nyumba niichukue skuta, nikakuta amehama na kuacha hata viatu mlangoni."

"Nikiiacha hapa, kitanifuata?"

"Hapana. Kinabaki na skuta." Muuzaji akashusha sauti. "Wa mwisho kurudisha alinipigia simu jioni yake. Analia."

"Kwa hofu?"

"Hapana, mama. Alikuwa anauliza kama anaweza kuja dukani kukaa nacho kidogo."

Nyuma ya Mama Mapazia springi zikalia, mara moja tu, polepole.

"Lete ufunguo," muuzaji alinong'ona. "Nakurudishia pesa yako yote. Twende, shuka."

Mama Mapazia akachomoa ufunguo. Akaushika kiganjani. Hofu alikuwa nayo, kubwa. Akaufikiria mlango wake wa ghorofa ya pili, na taa ambayo haiwaki mpaka aiwashe mwenyewe. Akafikiria habari za jioni, na yeye kusema njema.

"Mama?"

"Sikuja kurudisha," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Nimekuja kununua helmeti. Ya mwenzangu. Askari wa barabarani wakali siku hizi."

Muuzaji akaingia ndani, akarudi na helmeti nyeusi, akainyoosha kwa mkono wote ili asikaribie.

"Hii ndiyo saizi kubwa."

Mama Mapazia hakuipokea. Aligeuza shingo kidogo, akainamisha kichwa kama mtu anayenong'onezwa jambo. Kisha akanyanyua uso taratibu, akatazama juu, juu zaidi, mpaka juu ya ubao wenye jina la duka.

"Hapana," alisema. "Tafuta kubwa zaidi."