Milimita Tatu Kila Upande

Kwa miaka thelathini Papa Évariste alikuwa ajusteur katika usine moja, kiwanda cha Likasi. Ajusteur ni mtu wa kusugua chuma kwa tupa mpaka kiingie mahali pake. Kazi ya usine ilipokwisha, akawa seremala. Lakini mkono wake haukupata habari. Ufunguo ukikataa, anachukua tupa. Kijiko kikimkwaruza mdomo, tupa. Mke wake, Mama Marceline, anasema ipo siku atampiga tupa hata yeye mkewe ili aenee kitandani.

Mwaka huu parokia ilijenga maternité ndogo, nyumba ya akina mama kujifungulia. Mama Marceline alisimama mbele ya komite akamwombea mume wake kazi ya milango sita. Akapewa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Alichimba mifereji ya paneli kwa défonceuse, ile mashine ya umeme ya kuchimba mbao. Aliifungia guide parallèle, kipande cha chuma kinachoteleza kwenye ukingo wa mbao ili mashine isipotee njia. Mifereji ilinyooka.

Shida ililetwa na bawaba, zile charnière za mlango. Kila bawaba inahitaji shimo la kulala ndani ya mbao. Papa Évariste alikata gabarit, yaani kibao chenye tundu la kuongoza mashine. Alilipima tundu sawasawa na bawaba: milimita mia moja. Akafunga bague, pete ya chuma inayozunguka jino la mashine na kuteleza kwenye ukingo wa gabarit. Akachimba. Bawaba ikakataa kuingia.

Mtu mwingine angepima shimo. Yeye alichukua tupa. Alisugua bawaba siku mbili nzima, akimtukana aliyezitengeneza.

Jumatano alitundika mlango wa kwanza. Mama Marceline aliusukuma kidogo tu. Chuma kilikuwa kimeliwa mpaka kwenye matundu ya visi, yaani skrubu. Mlango uling'oka, ukaanguka pwaa! mbele ya miguu yake.

"Évariste! Unataka kuniua?"

"Si minye! Ni charnière ya Exaucé wa sokoni! Ni bongo tupu, alinidanganya!"

Germain, prezida wa komite, aliona yote. "Papa Évariste, bamama bajamuzito njo batapita hapa. Kama samedi milango haisimame, Yannick, ule seremala mwingine, atakamata kazi."

Jumamosi ilikuwa imebaki siku tatu. Mama Marceline aliinama. Ni yeye aliyemwombea.

Papa Évariste alishuka sokoni moto moto, bawaba mkononi.

"Weye Exaucé! Uliniuzisha bongo!"

Exaucé, muuza vyuma, aliigeuza bawaba. "Papa, nani alikula hii kintu? Kwenu iko panya ya kutafuna chuma?"

Wateja walicheka.

"Ilikuwa mukubwa!"

"Mukubwa kupita nini? Pima, si weye njo ajusteur?"

Papa Évariste alitoa pied à coulisse, kipimo chake cha chuma. Akapima bawaba mpya ya Exaucé. Mia moja. Akapima tena, kwa hasira zaidi. Mia moja vilevile.

"Basi ni bague," Exaucé akasema haraka. "Kamata hii ingine. Inaenea mashini yote."

"Haya hauna, Exaucé?" Aliyesema ni Hélène, jirani wa Papa Évariste. Alisoma useremala katika shule ya ufundi, na alikuja kununua visi. "Hakuna bague ya mashini yote! Kila mashini iko na kikao yake pa chini, pa kufungia bague. Na guide parallèle ni vile vile. Fimbo zake zikiwa nyembamba kupita matundu ya mashini, itacheza, mufereji itaenda sawa nyoka. Muntu analeta mashini yake, anajaribisha hapa hapa, njo ananunua."

"Minye niko nauzisha, siko nafundisha."

"Njo maana milango inaangukia bantu!"

Papa Évariste alinunua bawaba mpya, na Hélène akamfuata mpaka atelier, karakana yake.

"Papa, pima bague kwa inje."

"Kumi na sita."

"Pima jino."

"Kumi."

"Inabakia ngapi?"

"Sita. Mwana, uko naniuliza hesabu ya batoto?"

"Ile sita inagawanyika mara mbili. Tatu huku, tatu kule. Bague njo inagusa gabarit. Jino haigusi. Iko mbali milimita tatu kila upande. Sasa pima shimo yako."

Papa Évariste alipima. Tisini na nne.

"Siku mbili!" akafoka. "Siku mbili nasugua chuma ya bule! Ata karatasi moja mu boîte, sanduku ya mashini, ya kusema ile mambo, hapana?"

"Karatasi ilikuwa," akajibu Mama Marceline. "Uliwashia nayo makaa ya mbabula."

Wakaanza upya. Hélène alimkatisha gabarit ya milimita mia moja na sita. Nyuma ya bawaba waliongeza tatu. Mbele hawakuongeza, kwa sababu shimo liko wazi kwenye ukingo wa mlango. Alimwonyesha pia kwamba shingo ya bague lazima iwe fupi kuliko unene wa gabarit, la sivyo itakwama kwenye mlango wenyewe.

"Kama unafuata ukingo, guide parallèle," alisema. "Kama unarudilia umbo moja mara mingi, bague na gabarit. Na kwanza kila mara jaribu pa kipande ya kutupa."

Walijaribu. Shimo: mia moja. Pembe tu zilibaki za mviringo. Papa Évariste akanyoosha mkono kuchukua tupa.

"Papa!" Hélène alimpiga mkono. "Patasi!"

Akamalizia pembe kwa patasi, akinung'unika. Bawaba mpya ikaingia bila kusukumwa.

Jumamosi Germain alifika na Yannick, sanduku la vyombo juu ya baiskeli. Milango sita ilikuwa imesimama. Yannick alifungua mmoja, akaufunga, akapitisha ukucha kwenye bawaba. Ukucha haukukwama popote.

"Prezida, uliniita nikuje kufanya nini? Kufungua na kufunga?"

Papa Évariste alisimama ndani na mke wake, mikono kifuani. Hasira ilikuwa bado haijamtoka.

"Prezida ajaribu yeye mwenyewe. Na kidole kimoja."

Germain, kwa nje, alisukuma kwa kidole mlango uliokuwa wazi. Ulikwenda polepole, ukaingia mahali pake, ukamfungia nje.

Mama Marceline alitazama kitasa. Hakuwa na haraka ya kukigusa na kumfungulia.