Mtaro wa Kemboi Juu ya Mlima Elgon

Chemutai huteka maji katika kijito kilicho nyuma ya nyumba yao, Kapsokwony. Ng'ombe hunywa hapo, na kabichi humwagiliwa kutoka hapo. Lakini kiangazi cha mwaka 2002 kijito kilikaribia kukatika.

"Baba Cheptoo, maji inaisha," alimwambia mumewe, Kemboi.

"Basi tutauza ng'ombe."

Alisema kwa ukali, lakini ilikuwa hofu tu. Ng'ombe hao ndio waliowasomesha watoto.

Jioni alikuja jirani yao Sellah, mwalimu wa jiografia kutoka Bungoma. Alitaka maziwa, akaambiwa hakuna kwa sababu kijito kinakauka.

"Huko juu mlimani mnalishia ng'ombe, kuna kitu imebadilika?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Kemboi. "Ni vile tu ndama yangu ilizama kwa tope. Nikachimba mtaro, maji ikatoka yote. Saa hii kuna nyasi mzuri."

Sellah aliguna. "Kemboi, hiyo tope ndiyo tangi yenu."

"Ati tangi?"

"Zamani sana huko juu kulikuwa na barafu. Theluji ilianguka miaka mingi, ikajibana, ikawa barafu nzito. Iliteremka polepole ikikwangua mwamba na kusukuma mawe. Ilipoyeyuka, iliacha mabonde kama sufuria. Sasa mvua inakaa humo, majani inaoza, tope inashika maji kama godoro. Kiangazi inaiachilia kidogo kidogo. Ukichimba mtaro, maji inakimbia yote. Na mkichoma nyasi vile mnafanyanga, tope inakauka pia."

"Si barafu itarudi itengeneze ingine?"

"Wapi, bana. Hata ile ya Mlima Kenya inaisha, dunia inapata joto. Tuko na hii tu."

Kemboi aliinamisha kichwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye ufa aliuchimba mwenyewe.

"Pole, Mwalimu. Sasa nifanye nini?"

"Ziba."

Kemboi na majirani walipanda mlima kutwa nzima. Waliziba mtaro kwa mawe na mabonge ya nyasi yenye udongo. Waliweka ua kuzunguka tope ili ndama wasizame. Pia walikubaliana kuacha kuchoma nyasi.

Mvua ilinyesha, tope likajaa maji tena. Kiangazi kilichofuata kijito kilitiririka hadi mwisho. Chemutai alimshukuru Mungu waziwazi, akicheka huku machozi yakimtoka.

Mnunuzi wa ng'ombe alifika kutoka Moi's Bridge. Kemboi alimkaribisha chai ya maziwa.

"Kunywa, ndugu," alisema. "Lakini hapa hakuna ng'ombe ya kuuza."