Jua Lipewe Mgongo

Saa kumi na moja jioni nilitoka kuanua nguo. Shuka moja nyeupe niliiacha kambani makusudi. Jua lilikuwa linapatwa, nusu tu, na mimi ni fundi cherehani: macho ndiyo jembe langu. Nilitoboa karatasi kwa sindano, nikalipa jua mgongo. Kijua kidogo kikapita tunduni, kikatua kwenye shuka, kimemegwa pembeni kama biskuti.

"Usigeuke, mdogo wangu," dada alikuwa ameniambia. "Hata likitokea nini."

Dada ni kipofu. Miaka ishirini iliyopita, tukiwa wasichana, aliligeukia jua lililopatwa na kulikodolea macho. Hajawahi kusema kwa nini. Mimi sikuacha kumsema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kijua kikazidi kuliwa. Kuku wakanyamaza. Upepo ukakata. Pakaanza kunuka utambi uliozimwa...

Kwenye shuka, kando ya kivuli changu, kikasimama kingine.

"Mdogo wangu... geuka."

Sauti ya dada. Yake kabisa. Nikaanza kugeuza shingo nimshike mkono, asije akajikwaa.

Ndipo nikamsikia dada akikohoa.

Mbele yangu. Ndani, kwenye dirisha la jikoni.

Nikairudisha shingo kwenye shuka.

"Geuka. Mara moja tu..." Pumzi ya baridi ikanigusa kisogo.

Nikafumba macho, nikapita chini ya shuka, nikapapasa ukuta mpaka mlangoni, kama anavyotembea dada. Akanidaka mikono.

"Nani alikuwa anakuita?" alinong'ona.

"Kitu. Kwa sauti yako."

Alinikaza mikono. Kisha machozi yakamtoka.

"Mimi kiliniita kwa yako. Miaka yote hii nilidhani ni wewe, ulikuwa unanitania."

Niliona aibu mpaka nikalia. Alinipikia, alinisuka, aliniombea, huku akiamini mimi ndiye niliyempofusha, na hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Mdomo wa kulaumu ulikuwa wangu.

Ile ilikuwa nini, hatujui. Siku hizi tukiitana, hakuna anayegeuka mpaka aguswe bega.

Jana jioni niliguswa.

Dada alikuwa mbele yangu, mikono yake yote miwili ikikunja shuka.