Sauti ya Solenne

Jumamosi hiyo ya Februari soko la Capucins, mjini Bordeaux, lilikuwa limefurika. Watu walikula chaza wakiwa wamesimama, glasi za mvinyo mweupe mkononi, mvua ikipiga paa. Maylis Darrigade, koti la manjano mwilini na skafu ya hariri aliyoifunga ovyo, akagongana na mwanamume aliyebeba kapu la machungwa. Machungwa yakatawanyika. Wakainama kuyaokota, na hapo Maylis akauona mkono wake: kiganja kimefungwa kitambaa kilicholowa damu na matope.

"Hicho kidonda kinataka kuoza," alisema.

"Na wewe habari za asubuhi," yule mwanamume akamjibu.

Maylis akacheka. "Niwie radhi. Kazi yangu ni ngozi. Nimekaa maabara mpaka nimesahau kusalimia."

"Mimi kazi yangu ni mizabibu, na mkasi wa kupogolea hauna adabu. Naitwa Peio."

Maabara ya kina Maylis ilikuwa ikitengeneza utando mwembamba kutokana na maganda ya zabibu yaliyokwisha kukamuliwa. Ukibandikwa kwenye kidonda kinachopona, hubaki mwekundu; kidonda kikianza kuingia uchafu, hugeuka buluu. Walitafutwa watu wa kujitolea kuujaribu, na wiki iliyofuata Peio akajitolea. Ikawa kila asubuhi Maylis anampigia simu.

"Rangi gani leo?"

"Nyekundu, kama masikio yako ukisifiwa."

"Masikio yangu umeyaona wapi wewe?"

"Sijayaona vizuri. Njoo Jumapili, nitakukaangia bata niyatazame kwa nafasi."

Kiganja kikapona, simu zisikome. Kufikia kiangazi walikuwa wakiitana mpenzi. Jambo moja tu lilimkera Maylis: shambani kwa Peio alizunguka kila mahali, isipokuwa banda la matangi ya mvinyo. "Mna baridi humo," Peio alikuwa akisema, na mara moja akabadilisha mazungumzo.

Mavuno yalipofika, Maylis akaenda mchana bila kumwarifu Peio, amevaa gauni jipya la kijani, na mkate na jibini kikapuni. Zabibu zilikuwa zikichachuka, ua mzima ukinuka utamu mkali. Kutoka bandani akaisikia sauti ya Peio, laini kuliko alivyowahi kuisikia.

"Nakuja, mpenzi. Nivumilie kidogo tu."

Maylis akaweka kikapu chini, akarudi kwenye gari. Kuanzia hapo simu ililia na kulia asiipokee. Hasira ilimtosha kwa siku kadhaa. Kisha ikambakia hamu ya kumwona, nayo ikamwudhi zaidi. Mwishowe akajikuta amesimamisha gari nje ya lango la Peio, akibishana na nafsi yake aingie ama arudi, simu ikalia tena. Akaipokea.

"Huyo wako wa bandani hajambo?"

"Alikufa, Maylis. Ni Solenne, mke wangu. Alikuwa akisafisha tangi, akaniita nimsaidie. Nikamwambia nakuja, nikaendelea kuzungumza na mnunuzi. Nilipofika, gesi ya zabibu zinazochachuka ilikuwa imeshamchukua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba kila mavuno ananiita? Nikikaa kimya anazidi kuniita."

"Na ukimwitikia?"

"Namfuata. Hadi mlangoni mwa tangi. Jana niliingiza kichwa. Na sasa niko bandani tena."

Maylis aliijua gesi hiyo: nzito, haionekani, hutuama ndani ya tangi, na pumzi chache zinatosha kumwangusha mtu.

"Peio, toka humo. Niko hapa langoni."

"Subiri. Ananiita."

Maylis akakimbia. Alimkuta ameingia tangini mpaka mabegani, magoti yamelegea. Akavuta pumzi nyingi, akaibana, akamshika mkanda kwa mikono yote miwili, akamvuta, akamburura hadi uani kwenye jua. Muda ulipita kabla hajafumbua macho.

"Umechafua gauni lako," Peio alinong'ona.

"Nyamaza upumue."

Alipopata nguvu akaketi, akauficha uso. "Nimerukwa na akili. Nenda zako, mpenzi. Tafuta mwenye akili timamu."

Maylis alikuwa na jibu tayari, jibu la maabara: kwamba gesi hulevya ubongo, na mwenye huzuni husikia anachokililia. Akafungua kinywa aseme.

Kutoka bandani sauti ya mwanamke ikaita, taratibu, bila hasira wala kilio. "Peio."

Maylis akautazama mlango, hapakuwa na mtu. Alipogeuka, Peio alikuwa akimkodolea macho.

"Umemsikia," Peio alisema.

"Nimemsikia."

Hapo mwanamume yule akalia, kilio cha mtu aliyebeba mzigo peke yake na sasa ametuliwa. Maylis hakumkataza. Kilipopungua, Peio akauliza, "Utaweza kuishi nami, na hili likiwapo?"

"Nitaweza. Ila akikuita, tutamjibu sote wawili, na tutamjibu kutoka hapa nje." Maylis akakishika kifundo cha mkono wa Peio kwa nguvu, akaugeukia mlango wa banda. Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka.

"Dada Solenne," alisema kwa upole, "huyu haji."

Bandani kukawa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza.