Sauti ya Mama Mkwe

"Futa, Mwantum! Futa upesi!"

"Nimeshafuta, Halfani."

"Umechelewa. Mama ameisikiliza mara mbili, nami nimekaa hapa namtazama."

"Amesema nini?"

"Hajasema. Amevaa baibui, anakuja huko kwenu. Kanikataza nisimfuate."

Mwantum akaketi kwenye kigoda pale uani kwao Miyuji, simu bado iko mkononi. Mdomo uliponza kichwa, na mdomo wenyewe haukuwa hata wake.

Ilikuwa hivi. Mwantum alikuwa akijifunza kuigiza sauti za watu. Mwalimu wake alikuwa Optatus, mshereheshaji ambaye ndiye angeongoza sherehe ya harusi yao. Zoezi la wiki hiyo: chagua mtu mmoja, mwigize, nitumie nisikilize. Mwantum akamchagua Bi Salma, mama yake Halfani. Akarekodi vizuri kabisa, ila badala ya kumtumia mwalimu, akamjibu kwenye grupu la harusi, ambako Optatus alikuwa ametoka kuandika. Ukoo mzima wa kina Halfani, hadi walioko Kondoa, ukasikia:

"Halfaaani! Huyo binti yako anajua kusonga ugali wa uwele, au atatukorogea uji? Mimi sisemi kitu. Mimi nimekaa kimya."

Akamwandikia mwalimu: "Kaka Opta, nimekwisha. Mama mkwe kasikia."

Jibu likaja: "Pole sana. Ila pumzi umeipatia."

Alitamani kumpigia mama yake, lakini mama alikuwa Hombolo kwenye shamba la zabibu, angefika jioni. Na tayari mlangoni kulikuwa na mtu.

"Hodi!"

"Karibu, mama. Shikamoo, mama," Mwantum akasema kwa sauti nyembamba.

"Marahaba. Kaa."

Akakaa, kana kwamba yeye ndiye mgeni. Bi Salma akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza.

"Ile sauti umeifuta kabla sijaishiba. Iigize tena."

"Mama, nisamehe. Sikukusudia..."

"Sikukuambia uniombe radhi, nimekuomba sauti."

Mwantum akafumba macho. Mwalimu alimfundisha kwamba mtu huigwa pumzi kwanza, maneno yatafuata yenyewe. Akavuta pumzi kama Bi Salma aivutavyo kila anapotaka kumwita mwanawe.

"Halfaaani! Huyo binti yako..."

Alipofika kwenye "nimekaa kimya", akafumbua macho. Bi Salma alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nimemliza, Mwantum akawaza, uchumba umevunjika. Mtandio ukashuka. Mama wa watu alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Haya, zamu yangu," akasema. Akainuka, akakunja mikono, akabana midomo. "Shikamoo, maama. Nashukuru, maama. Nimeshiba, maama."

Alikuwa Mwantum mtupu.

"Mama! Ndivyo ninavyoongea?"

"Ukiwa na mimi, ndivyo. Tangu mchumbiane nasikia hicho kisauti cha kifaranga. Nikamwambia Halfani, huyu binti simjui, harusi tuisogeze mbele kwanza. Leo ndiyo nimekusikia. Kwangu usiingie tena na kile kisauti, umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama," Mwantum akajibu, na safari hii sauti ikatoka nzito, yake mwenyewe. Moyo ukamtulia.

Simu ya Bi Salma ikaita. Ni Halfani. Mama akaisukuma mezani, macho yanacheka.

"Pokea. Kwa sauti yangu."

Mwantum akavuta pumzi. "Halfaaani! Unataka nini?"

"Mama, nakuomba, usimkatae Mwantum," Halfani akasema kwa haraka. "Kosa ni langu, mimi ndiye humwomba akuigize, tunacheka mpaka tunalala chali. Nampenda, mama. Nyumba isiyo na yule binti mimi siiwezi. Ukimkataa, sitaoa mwingine."

Mwantum akafungua kinywa. Pumzi ya Bi Salma ikamponyoka, mafunzo yote ya Optatus yakayeyuka.

"Hata mimi nakupenda, Halfani."

"Mwantum? Ni wewe? Mama yuko wapi?"

Bi Salma alikuwa ameshashika njia ya jikoni, anatafuta mwiko na unga wa uwele.

"Mimi sisemi kitu!" akapaza sauti. "Mimi nimekaa kimya. Mwambie harusi iko palepale, na wewe njoo huku usonge ugali nikuone!"