Risasi za Furaha

Siku Tabarak alipowaacha, nyumba yao ya Basra ilinukia mkate. Sahira, mama yake, alikuwa uani mbele ya tanuri. Karrar, mdogo wake, alicheza kivulini na kuku. Tabarak mwenyewe, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa juu ya paa akikunja magodoro waliyolalia usiku. Mtaa mzima ulikuwa kimya, maana wanaume wote walikuwa mkahawani kwa Haji Lafta wakitazama fainali.

"Mama, tukishinda utanipaka bendera usoni?" Tabarak aliita kutoka juu.

"Magodoro kwanza, shabiki wewe!"

Filimbi ya mwisho ikalia. Timu ya taifa ikatwaa kombe, na mtaa ukalipuka kwa vigelegele, honi na, kama ilivyo desturi yetu, bunduki. Harusi, bunduki. Msiba, bunduki. Mtoto akitahiriwa, bunduki. Sasa hata mpira.

"Tabarak, shuka!" Sahira alipaza sauti.

Hakujibiwa. Alipanda ngazi, akamkuta bintiye amelala kifudifudi juu ya godoro alilolikunja nusu. Alidhani anamfanyia mzaha. Alimwita mara mbili kabla hajaiona damu.

Daktari hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Risasi hii imetoka juu."

Ndugu zangu, mnajua mila yetu. Mtu akiuawa, kabila la muuaji huja na wazee wake, wakaketi na wafiwa, kosa likatajwa kwa jina na likatafutiwa suluhu. Lakini risasi iliyotoka juu haina kabila. Hakuna aliyekuja kuketi na Sahira. Walikuja majirani na sukari na kahawa chungu, wakasema, "Ni kadari, Mama Karrar. Mungu kamchagua." Kadari! Kana kwamba Mungu ndiye aliyefyatua.

Ghazwan, mumewe, alilia mpaka sauti ikamkauka. "Mimi nilikuwa ndani tu kwa Haji, nakunywa chai," alimwambia mkewe. "Sikuona lolote." Sahira alimhurumia. Alimlisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, kama mtoto mgonjwa. Yeye mwenyewe alilia jikoni ili asimwongezee mzigo.

Na kila mwaka, siku ile ilipozunguka, wanaume walikusanyika mkahawani, wakairudia mechi kwenye televisheni na kusimuliana walivyosherehekea. Fulani alipanda juu ya gari la polisi. Fulani alimbusu mkwewe ambaye walikuwa hawasemezani. Kumbukumbu nzuri, sikatai. Mwaka wa tatu wakaona raha hiyo isiishie ndani. Wakafunga kipaza sauti mlangoni ili mtaa wote usikie.

Sahira alikuwa akikanda unga. Akasikia sauti ya Chasib, rafiki wa mumewe tangu utotoni.

"Wallahi, jamani, filimbi haijamaliza kulia, Ghazwan huyu keshaninyang'anya bunduki! Nikamwambia, we mwanamume, ngoja zamu yako! Wapi! Akamimina risasi zote hapo barazani, analia kwa furaha. Mtazameni sasa, kainamisha kichwa kama bibi harusi!"

Kicheko kikafuata. Kisha mtu akanong'ona, "Nyamaza, Chasib." Na huo mnong'ono pia mtaa uliusikia.

Sahira alijitupia baibui, mikono ikiwa bado na unga, akaenda. Hakuna mwanamke aliyewahi kuvuka kizingiti cha mkahawa ule. Domino zilinyamaza mezani.

"Endeleeni," alisema. "Nimekuja kusikia kumbukumbu."

"Shemeji yetu," Haji Lafta alisema, "hapa si mahali pa wanawake. Rudi nyumbani, tutazungumza."

"Na paa langu si mahali pa risasi, Haji. Nani alipiga siku ile?"

Kila mmoja alitazama glasi yake.

"Chasib, simba wa mtaa, sasa hivi ulikuwa unanguruma. Ulipiga?"

"Tulipiga wote, shemeji. Lakini tulipiga hewani tu."

"Hewani! Kisha zikaenda wapi? Zimening'inia huko mpaka leo?"

"Hatukumlenga mtu. Ilikuwa furaha."

"Mkijisifu, kila mwanamume hapa alipiga. Nikiuliza, hewa ndiyo iliyopiga." Akamgeukia mumewe. "Na wewe, chai ilikuwa tamu?"

Ghazwan alisimama, akakaa tena. "Sahira, sijui kama ilikuwa yangu. Naapa. Zilikuwa nyingi mno."

"Hujui. Na ulijua kwamba hujui, ukaniacha nikupanguse machozi miaka yote hii."

"Ningekwambia nini?"

"Ukweli, Ghazwan. Ungeniambia ukweli, nikalia na mtu badala ya kulia na uongo."

Jioni ile ile alimchukua Karrar, wakaenda kwa kaka yake, katika mji wa Zubeiri. Ghazwan hakumzuia.

Sasa sikieni la kuchefua. Wiki hiyo wazee wa mtaa walivaa majoho yao, wakaenda Zubeiri kwa msafara wa magari. Kaka yake Sahira alipowaona alidhani hatimaye wamekuja kuketi kwa ajili ya Tabarak. Akawawekea mito, akawamiminia kahawa. Mkubwa wao alikataa kikombe mpaka apewe haki yake. Walikuwa wamekuja kudai fidia ya heshima, kwa kuwa mwanamke aliingia mkahawani akawaaibisha wanaume.

Kwa mtoto aliyekufa hawakupata mzee hata mmoja. Kwa domino zilizokatizwa walijaza magari.

Mafunzo

Wenzangu, risasi haijui harusi wala mpira. Ikipanda, lazima ishuke, na inaposhuka haiulizi unashangilia timu gani. Anayefyatua hewani amemfyatulia mtu, ila hajamjua bado. Tusiseme "kadari" kuficha kidole cha mtu kwenye kifyatulio. Na anayejua alichofanya akanyamaza humuua maiti mara ya pili, tena humo humo ndani ya nyumba yake. Furaha ina midomo, ina vigelegele, ina ngoma. Bunduki haihitajiki. Mtu akikuletea bunduki siku ya ushindi, mnyang'anye, hata akiwa kaka yako. Akikuita mwoga, mpeleke makaburini akakuitie huko.

Kipaza sauti cha Haji Lafta kimeondolewa. Bunduki zipo. Ghazwan anaishi peke yake, na haendi tena mkahawani. Alhamisi hii timu inacheza nusu fainali. Sahira na Karrar watakuwa chumba cha ndani kwa kaka yake, chenye dari ya zege, na tukishinda hawatatoka mpaka mtaa unyamaze.